Pampu ya Mama Mkwe

Onesmo alikuwa fundi wa pampu pale Runzewe, na wachimbaji wote walimjua, kwa sababu duara, yaani shimo la machimbo, likishajaa maji hakuna tena dhahabu, kuna bwawa la vyura. Akiitwa alifika na boksi lake la spana, akalala kifudifudi kando ya pampu, akaisikiliza kwa sikio moja, kisha akatamka kwa upole, "Huyu bado hajafa." Wachimbaji walimpenda kwa neno hilo. Mke wake Asteria alikuwa halipendi hata kidogo, maana huyu mwenye maneno matamu kwa pampu za watu, akifika nyumbani alikuwa bubu.

Afadhali angekuwa mkali. Asteria akisema paa linavuja, Onesmo alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akatoka nje kufungua injini yoyote iliyokuwa karibu. Asteria akisema jirani kamtukana, Onesmo alitikisa kichwa, akatoka nje. Mambo yalikwenda hivyo hadi siku alipochukua sufuria kubwa ya Asteria, ile aliyopewa na mama yake siku ya kuagwa, akachemshia ndani yake pistoni zilizoganda oili. Asteria alirudi kutoka sokoni akaikuta inatokota jikoni, nyeusi tii.

"Onesmo, hiki ni nini?"

Onesmo akamtazama mkewe, akaitazama sufuria, akafungua mdomo, akaufunga. Asteria hakungoja ufunguke tena. Alifungasha nguo zake akapanda gari la Geita, na kutoka Geita akaenda kwa mama yake Nkome, kando ya ziwa. Sufuria aliiacha palepale mekoni. Hilo ndilo lililomtisha Onesmo kuliko mengine yote, kwa sababu alijua mke anayetaka kurudi huificha kwanza sufuria yake isiguswe tena.

Alimkumbuka mkewe sana. Alikula chipsi za kibandani mpaka tumbo likamlaumu. Aliisugua ile sufuria kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya unga, ikabaki na harufu ya gereji. Alikuwa bado anaisugua simu ilipolia, na aliyepiga ni Herman, nahodha wa boti ya abiria ya Mama Asteria, mama mkwe wake.

"Fundi, nimetumwa," Herman alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo. "Mama anasema injini ya boti inachemka, inazimika katikati ya maji. Mafundi wa huku wamebadilisha mpira wa pampu, haukukaa, umekufa tena. Anasema kama wewe ni fundi kweli, uje. Injini ikipona ikae imepona, mkeo utaondoka naye. Isipopona, umwache mtoto wa watu apumzike."

"Mwambie nakuja," alisema Onesmo.

Injini haikumtisha. Kilichomtisha ni mama mkwe. Siku hizi Wasukuma wengi wamelegeza kamba, utamkuta mtu na mama mkwe wake wanakunywa soda meza moja na hakuna anayeshtuka. Mama Asteria hakuwa katika kundi hilo. Jina lake la kanisani ni Scolastika, mzaliwa wa kijiji cha Didia, na Didia aliyoibeba kichwani mwake ni ya zamani kuliko ile iliyopo sasa. Kwake mkwe wa kiume hatazamwi usoni, haongeleshwi mdomo kwa mdomo, na hali chakula mbele ya mama wa mkewe. Siku ya ndoa alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa misa nzima. Tangu hapo Onesmo alimjua kama kisigino kinachoingia ndani, pindo la kitenge linalopotea kwenye kona, na sauti. Sauti hiyo ilitosha watu watano.

Alifika Nkome jua likiwa limepanda. Hatua kadhaa kabla ya mji wa mama mkwe alianza kukohoa, kama adabu inavyotaka, ili mwenye mji ajifiche. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Bahati mbaya Mama Asteria hakuwa ndani, alikuwa nyuma yake njiani, anatoka dukani na chumvi. Aliposikia kikohozi akamtambua, akatumbukia kwenye shamba la mihogo, mama mzima mwenye mwili wake, na mihogo ikayumba kama imeingiliwa na ng'ombe. Onesmo naye alijitupa upande wa pili wa njia, kwenye mtaro. Mwenye baiskeli aliyepita katikati yao alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akaendelea na safari.

Uani palikuwa pametayarishwa. Kitenge kipana cha rangi ya chungwa kilitundikwa kwenye kamba, kutoka pembe ya nyumba hadi nguzo ya jiko. Upande wa huku palikuwa na injini imefungwa kwenye stendi ya mbao, kwa maana kule hakuna anayeacha injini ufukweni ikalala na wezi. Upande wa kule mama mkwe alikwishafika, anahema. Na katikati, kwenye ncha ya pazia ambapo aliweza kuona pande zote mbili, aliketi Asteria, kakunja mikono.

Onesmo alipomwona moyo ulimruka. "Asteria," alisema.

"Mimi hapa ni mdomo tu," alisema Asteria. "Una neno la kupeleka kwa mama?"

"Msalimie. Mwambie shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba," ilisema ile sauti, hatua tatu kutoka hapo. "Muulize kama wa Runzewe hawajambo."

"Anauliza Runzewe hawajambo."

"Hawajambo. Mwambie kuna upweke kidogo."

Asteria akageuka. "Anasema huko sufuria hazijambo."

Pazia lilikohoa. Onesmo akainama, akafungua boksi la spana.

Hata injini ambayo fundi hajawahi kuigusa ina lugha moja na zile anazozijua. Onesmo aliizunguka, akaitoa kofia, akafuata njia ya maji kwa kidole. Aliona kwamba injini ya boti haina rejeta wala feni, inakunywa ziwa lenyewe. Pampu ndogo mguuni, karibu na panga linalosukuma boti, inavuta maji, inayapandisha yakazunguke mwili wa injini, na mengine yanatoka nyuma kwenye tundu dogo, mstari mwembamba, ili mwendeshaji ajue kwamba maji yanapanda. Mafundi wa ufukweni wana neno lao la mstari huo. Wanasema injini inakojoa. Onesmo alilijua neno hilo tangu garini, kwa kuwauliza wavuvi, na sasa lilimkwama.

"Mwambie mama," alianza, "ile injini, pale nyuma, je, huwa ina... huwa inatoa... ule mstari..."

"Mstari gani?" aliuliza Asteria, ingawa alikuwa amekulia ufukweni na alijua vizuri sana.

"Wa maji. Ule wa kutoka."

"Mama, fundi anaumwa aibu."

Alifungua boliti, akauteremsha mguu wa injini, akafungua nyumba ya pampu. Ndani kulikuwa na impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa kama ua. Hiki hakikuwa na mabawa tena. Yalikuwa yameungua, yamejikunja, mengine yamegeuka lami kwenye ukuta wa pampu. Onesmo alikiweka kiganjani, na palepale akajua. Mpira huu unaishi kwa maji, ndiyo yanayoulainisha. Ukizungushwa mkavu unajisugua na chuma hadi unaungua. Maana yake injini imekuwa ikiwashwa nje ya ziwa, tena mara nyingi.

Alipoinua macho, jibu lilikuwa mbele yake. Ukuta wa nyumba nyuma ya stendi ulikuwa mweusi kwa moshi.

"Asteria," alinong'ona. "Hii injini inawashwa hapa uani?"

"Kila asubuhi," alisema Asteria, naye kwa kunong'ona. "Mama anaiwasha mwenyewe. Babu kule Didia alikuwa na mashine ya kusaga. Akiiwasha, kijiji kizima kinasikia, wanakuja na mahindi yao. Basi mama naye anaiwasha hapa abiria wasikie kwamba boti inaondoka. Wanakuja kweli. Kwa nini?"

Onesmo aliutazama ule mpira ulioungua. Akalitazama pazia. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kwa ziwa lilivyokuwa karibu halikuwa jambo la kufurahisha. Kumwambia mama mkwe "wewe ndiye unayeiua" ni maneno ambayo mkwe hazaliwi nayo. Kutomwambia ni kuweka mpira mpya uungue kesho asubuhi.

"Muulize kaona nini!" ilisema sauti ya kule.

"Mwambie," alisema Onesmo, "mwambie ni mchanga."

Asteria aliuchukua ule mpira kutoka kiganjani mwake, akaunusa, akaurudisha. Alimtazama mumewe kwa namna iliyomuuma kuliko tusi.

"Kwangu unanyamaza," alisema polepole, "na kwa mama unadanganya. Sijui kipi ni afadhali." Kisha akapaza sauti: "Mama! Anasema ni mchanga!"

"Mchanga!" ilisema sauti kwa furaha. "Nilijua! Mchanga wa ziwa hili ni adui!"

Onesmo alipanda bodaboda hadi Geita kutafuta impela nyingine. Katika duka la vipuri alimkuta Dimple, binti wa mwenye duka, ambaye alikua akichezea beringi badala ya midoli. Aliugeuza ule mpira mara moja tu.

"Nani kaiwasha kavu?"

"Mchanga," alisema Onesmo.

"Fundi, mchanga unachuna. Hauyeyushi. Mwambie mwenye injini akirudia hata kidogo tu, hii nyingine nayo inakwenda, na ya saizi hii imebaki moja. Zingine mpaka Mwanza."

"Mwenye injini ni mama mkwe wangu."

Dimple akaacha kufunga kifurushi. "Msukuma?"

"Wa Didia."

"Pole sana," alisema Dimple, na kwa huruma yake akamwongezea kopo dogo la grisi. "Ipake hii kabla hujaifunga. Itakupa dakika ya kukimbia."

Aliifunga impela ile kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto. Alikwangua ukuta wa pampu hadi ukang'aa, akapaka grisi kila bawa, akarudisha mguu, akakaza boliti. Herman aliibeba injini begani hadi ufukweni, wakaifunga kwenye boti, wakaiteremsha majini, wakaiwasha. Mstari wa maji ulitoka nyuma, mwembamba na mnyoofu. Onesmo aliweka kidole ndani yake, ukawa wa uvuguvugu, na kwa mara ya kwanza tangu Asteria aondoke alicheka.

"Huyu bado hajafa!" alimwambia Herman, na Herman akatimua mbio kupeleka habari.

Sherehe ilifuata. Waliporudi na injini na kuifunga tena kwenye stendi, Onesmo aliwekwa peke yake upande wake wa pazia, mgongo kwa injini, na ugali mweupe na sato wa kukaanga aliyefunika sahani. Upande wa pili mama mkwe alikuwa anaimba. Asteria alileta maji ya kunawa.

"Mama anasema kazi yako ni nzuri," alisema. "Anasema nikafungashe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mdomo tu." Lakini hakuondoka mara moja. Alisimama na birika mkononi. "Onesmo. Ni mchanga kweli?"

Alitaka kujibu. Mungu ni shahidi, jibu lilifika kwenye meno. Lakini pazia lilikuwa pale, na nyuma ya pazia wimbo, na ugali ulikuwa wa moto. Alikata tonge kubwa akalitia mdomoni ili mdomo uwe na sababu ya kunyamaza. Asteria akaingia ndani. Hakwenda kufungasha. Onesmo alimsikia akiketi kitandani.

Ndipo wimbo wa mama mkwe ulipozunguka nyumba, ukapita nyuma yake, ukafika kwenye stendi. Onesmo hakugeuka, adabu ilimkataza.

"Leo wote wasikie!" alitangaza Mama Asteria kwa kijiji, si kwa mkwe. "Leo boti ya Scolastika inaondoka!"

Kamba ikavutwa. Injini ikaunguruma.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na pengine walikuwa wamekutana na mtu kama Onesmo. Alisikia sauti ya injini, na ndani yake akasikia mpira mkavu ukisugua chuma, impela ya mwisho Geita nzima, na nyuma ya sauti hiyo akamsikia Asteria akiwa amekaa kitandani bila kufungasha. Aliinuka. Sahani ikaruka, sato akatua kwenye vumbi. Alipogeuka mguu ukanasa kwenye pindo la kitenge, kamba ikakatika, na pazia zima likamfuata mgongoni hadi kwenye stendi.

"Usiiwashe kavu, mama!" alifoka, na tonge la ugali likamruka mdomoni. "Inakunywa maji! Haina maji hapa! Wewe ndiye unayeiua!"

Akabonyeza kitufe. Injini ikazimika. Kuku wakanyamaza.

Walitazamana. Kwa mara ya kwanza Onesmo aliuona uso wa mama mkwe wake, na ulikuwa uso wa Asteria, tena Asteria aliyeshangaa, na juu ya shavu la kushoto palikuwa na kipande cha ugali. Mama Asteria naye alimtazama mkwe wake akiwa amevaa kitenge cha rangi ya chungwa kama kasisi madhabahuni. Hakuna aliyekimbia. Labda hakuna aliyejua akimbilie wapi, kwa sababu pazia alikuwa amelivaa.

Onesmo alitamani ardhi ipasuke. Alijua amekwisha. Lakini maneno yalikuwa yamekwishafunguka, na bomba lililoziba muda mrefu likizibuka halichagui cha kutoa.

"Haikuwa mchanga," alisema. "Nilidanganya kwa sababu nilikuogopa. Mashine ya kusaga ya baba yako haikunywa ziwa, hii inakunywa. Iwashwe ndani ya maji tu. Ukitaka kuita watu, mama, piga hata debe. Na sufuria ya Asteria niliiharibu mimi, ilikuwa nzuri, na aliponiuliza sikujibu kwa sababu nilikuwa na aibu, na nimeisugua mpaka kucha zimeisha, na nyumba bila yeye ni kama duara lililofungwa. Ndiyo hayo tu."

Mama Asteria aliinua mkono, akautoa ugali shavuni, akautazama.

"Asteria!" aliita, macho hayajamwacha mkwe wake. "Asteria, njoo! Huyu anaongea!"

Asteria alikuwa tayari mlangoni, kashika mwimo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Onesmo alidhani analia. Alipotazama vizuri akaona anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Mayu," alimwita mama yake Kisukuma, "muulize kama ana mengine."

Mama Asteria akaivuta kanga yake ya kichwani kidogo upande, nusu ya kujificha, ili adabu isife kabisa. "Mke wako anauliza," alimwambia Onesmo, mdomo kwa mdomo, kwa mara ya kwanza, "kama una mengine."

"Nayo mengi," alisema Onesmo. "Nitayatoa taratibu."

"Anasema anakupenda," alisema Mama Asteria.

"Sijasema hivyo!"

"Nyamaza, nafikisha ujumbe."

Waliibeba injini hadi ufukweni wote wanne, ingawa Herman peke yake angetosha. Onesmo alihesabu moyoni muda ambao impela ilizunguka kavu, akaikumbuka grisi ya Dimple, akaomba. Waliifunga, wakaiteremsha majini. Mama Asteria alishika kamba mwenyewe, akamtazama mkwe wake kama kumwomba ruhusa, Onesmo akaitikia kwa kichwa, naye akavuta.

Injini ikawaka. Kwenye tundu hakukutoka kitu. Onesmo alihisi mkono ukiushika wake, akajua ni wa Asteria, na hakuthubutu kugeuka. Kisha tone likatoka, kisha matone, kisha mstari mwembamba, mnyoofu, ukiangaza juani.

"Inakojoa!" alipiga kelele Mama Asteria, akaruka na vitenge vyake vyote. "Inakojoa, jamani!"

Papo hapo akakumbuka nani kasimama hapo. Akajifunika uso kwa kanga, akageukia ziwa, mabega yakimcheza. Ufukwe wote ukaangua kicheko, na hata watu waliokuwa wanaanua dagaa walikuja kuona.

Jioni ile Asteria alifungasha. Mama Asteria alikuwa amelitundika tena pazia mahali pake, kafunga fundo pale kamba ilipokatika, na yeye kaketi nyuma yake, kwa sababu mambo yana mipaka. Onesmo aliketi upande wake. Asteria alitoka na mzigo, akasimama kwenye ncha ile ile ya pazia.

"Mama," alisema, "mwambie fundi narudi. Lakini ile sufuria akapikie pistoni zake, sasa ni ya kwake. Mimi nataka mpya, na akinunua aniulize saizi. Kwa mdomo wake."

"Baba," ilisema ile sauti nyuma ya kitenge, safari hii taratibu, sauti ya mtu mmoja tu, "umemsikia?"

Onesmo alifungua mdomo. Asteria alimtazama, akangoja.

"Nimesikia, mama," alisema Onesmo. Akamgeukia mkewe. "Saizi gani?"